Daftari la Kaunta na Watu Wasiokuwepo

Nina steshenari ndogo hapa Babati mjini, upande wa stendi. Kazi zangu ni zile zile unazozijua: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, fomu za vyuo, na kadi za harusi msimu ukifika. Lakini kwa miaka ya karibuni imeongezeka kazi moja ambayo sikuitegemea. Vijana wanakuja na flashi, au wananirushia kwa WhatsApp, wakitaka niwachapie watu wasiokuwepo.

Ndivyo ninavyowaita. Mwanamke mwenye pembe na upanga mrefu kuliko yeye mwenyewe. Mzee mwenye ndevu za moshi. Askari aliyevaa deraya ya mifupa, jicho moja linawaka. Binti mwenye masikio yaliyochongoka, amekaa juu ya joka kama mtu aliyekaa juu ya bodaboda akisubiri abiria. Wengine wanabandika ukutani geto, wengine kwenye kava la daftari. Wengi hawachapi kabisa, wanazo tu kwenye simu, mamia kwa mamia.

Nilikuwa nachapa bila kuuliza mpaka alipokuja mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka kumi na sita, analelewa na bibi yake, yaani mama yangu, na mimi ananiita ba'mdogo. Akachomeka flashi yake kwenye kompyuta, nikaona folda zimepangwa: wa moto, wa maji, wa msituni, na moja aliyoiita "wasio na upande". Ndani yake picha mia nne na kitu. Akataka nimchapie sita.

Jioni akawaonyesha nyumbani. Mama aliziangalia moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akanyamaza. Kisha akaniuliza mimi, wala hakumuuliza mtoto: "Hawa si wale wa kaka yako?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike hii makala.

Kwanza tuelewane hizi picha ni kitu gani. Asili yake ya karibu ni michezo. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Haukuwa na kompyuta. Watu wanakaa mezani na dadu, kila mmoja anabuni mtu wake: jina, kabila la kubuni, silaha, nguvu, udhaifu. Ukishambuni mtu wako unatamani kumwona, na hapo ndipo mchoraji anapata kazi. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa karata, Magic: The Gathering, ambao kila karata ina picha yake, na chini ya picha limeandikwa jina la aliyeichora. Huko Japani, mchezo wa Final Fantasy wa mwaka 1987 ulikuwa na wahusika waliochorwa na Yoshitaka Amano, na kwa sababu skrini za wakati ule zilionyesha vijidoti tu, mchezaji alitazama mchoro wa Amano ili ajue vile vijidoti ni nani.

Kisha ikaja intaneti. DeviantArt ilianza mwaka 2000, ArtStation mwaka 2014, na wachoraji wa dunia nzima wakawa wanamwaga kazi zao humo. Kwa watoto wa kwetu mlango ulikuwa simu. Free Fire, mchezo uliotoka mwaka 2017, haukuhitaji simu ya bei kubwa, na ndani yake kila mhusika ana jina, historia fupi na mavazi ya kubadilisha. Mtoto akishazoea hapo, akitafuta picha ya mhusika mmoja analetewa elfu moja za wengine.

Sasa utamu wake uko wapi? Nimemuuliza yule kijana, na jibu lake lilinifaa kuliko maelezo mengi. Alisema, "Ba'mdogo, hadithi inabidi uisome mpaka mwisho ndio umjue mtu. Huyu unamjua hapo hapo." Akanionyesha mwanamke mmoja mwenye upanga. Kovu shingoni, maana yake aliwahi kushindwa. Buti moja mpya na moja kuukuu, basi ametoka mbali na hana hela. Upanga una maandishi yaliyofutika, kwa hiyo aliurithi. Picha moja tu, na mtazamaji ameshaanza kutunga. Hakuna anayemwambia mwisho wake ni upi.

Halafu kuna ule mkusanyiko wenyewe. Picha moja ni pambo, lakini picha mia nne zilizopangwa kwenye folda ni nchi yenye watu wake, na aliyeipanga ndiye anayeamua nani akae na nani. Kijana wa miaka kumi na sita haamui mambo mengi hapa duniani. Shule amechaguliwa, nyumba si yake, hela ya bando anaomba. Lakini nani ni wa moto na nani ni wa maji, hilo analiamua yeye.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni mambo ya utandawazi. Ila swali la mama halikuniacha, kwa sababu hapa kwetu watu wasiokuwepo wamechorwa muda mrefu sana.

Toka Babati, shika barabara ya Dodoma. Unapita Bonga, unapanda Bereku, na kabla ya kufika Kondoa mjini unakuta kijiji cha Kolo. Tangu lami ikamilike ni safari ya asubuhi tu. Hapo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, unalipa kiingilio, unapewa mtu wa kukuongoza, na baada ya vumbi la kutosha na kupanda kilima kwa miguu unafika kwenye miamba yenye michoro. Eneo lote la michoro ya Kondoa liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Lina ukubwa wa kilometa za mraba 2,336, na sehemu zenye michoro zinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Nilimpeleka yule kijana Jumamosi moja. Nilitegemea achoke mapema, maana ni mtoto wa skrini. Akasimama mbele ya mwamba mmoja muda mrefu mpaka muongozaji akakaa chini. Michoro ile ni ya rangi nyekundu, ya udongo wenye madini ya chuma. Watu wake ni warefu, wembamba kama mabua, na vichwa vyao vimezungukwa na mistari kama nywele kubwa au manyoya. Wanyama wamechorwa kama walivyo. Twiga ni twiga, pofu ni pofu. Watu ndio wamebadilishwa.

Picha moja mashuhuri pale ina watu watano: mmoja katikati, wawili kila upande, na wale wa katikati na pembeni wameshikana mikono. Mary Leakey, aliyefanya kazi ya kunakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliisoma kama tukio la mwanamke anayetekwa, watu wawili wa upande mmoja wanamvuta, vichwa vyao kama vimefunikwa barakoa, na wawili wa upande wa pili wanamng'ang'ania asiende. Watafiti waliofuata, wakilinganisha na mila za Wasandawe, wakaona kitu kingine: ngoma ya uganga, watu wamepandisha, miili inarefuka na vichwa vinabadilika kwa sababu hivyo ndivyo mtu anavyojisikia akiwa katika hali ile. Wasandawe na Wahadzabe ndio wanaotajwa kuwa na undugu na wachoraji wa zamani wa michoro myekundu. Na mahali penyewe hapajafa. Pale Mungumi wa Kolo watu bado huenda kutambika kwa ajili ya mvua na uponyaji.

Kijana akasema, "Huyu mwenye kichwa kikubwa ni mhusika kabisa." Sikumpinga. Aliyechora hakuwa anacheza mchezo, nadhani alikuwa anafanya jambo zito zaidi. Lakini ufundi ni ule ule. Unamchukua mtu, unambadilisha kichwa, unamwongezea kitu mkononi, na anayemtazama anajua kwamba huyu hatoki sokoni wala shambani.

Kisha akauliza nani kachora. Muongozaji akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa swali hilo kila siku. Majina hayakuandikwa.

Kuna mahali pengine katika historia yetu ambapo jina lilibaki, na ni vizuri tulitaje. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na baadhi yao wakawa wanachonga mpingo kwa ajili ya kuuza. Mmoja wao ni Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1959 alikuwa anachonga sanamu ya mtu wa kawaida, mkono ukavunjika. Badala ya kuitupa akaendelea nayo, akaigeuza kuwa shetani, akampelekea mfanyabiashara wa sanaa Dar es Salaam, Mohamed Peera, naye akampa moyo aendelee. Kutokana na kazi ile ukazaliwa mtindo mzima unaoitwa shetani: viumbe vya jicho moja, mdomo mpaka sikioni, tumbo lenye uso.

George Lilanga, naye Mmakonde, alizaliwa mwaka 1934. Alianza kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla watu hawajagundua kwamba mlinzi yule ni fundi. Yeye aliwatoa mashetani kwenye mti akawapeleka kwenye rangi. Mashetani wa Lilanga wanabeba mikoba, wanacheka, wanapiga foleni, wanasengenyana. Alifariki mwaka 2005, na kazi zake zimezunguka Ulaya, Marekani na Japani. Ukizipanga pamoja picha zake hamsini unapata kile kile alichonacho mwanangu kwenye flashi: nchi nzima ya watu wasiokuwepo, kila mmoja na tabia yake.

Na kwa watu wa umri wangu kulikuwa na Sani.

Jarida hili lilianzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, na jina lake ni mwanzo wa majina yao mawili. Humo ndimo tulimojua akina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi, Madenge na Komredi Kipepe. Mmoja wa wachoraji wake mahiri, Philip Ndunguru, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana kabisa. Kabla ya hapo wazazi wetu walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Hawa hawakuwa na mabawa wala panga za moto, ni kweli. Lakini kofia ya mtu, pua yake, suruali yake, vilitosha kukuambia huyu ni tapeli, huyu ni mpenda sifa, huyu ataumia mwishoni. Babati gazeti lilifika kwa basi, kwa kuchelewa, na nakala moja ilisomwa na mtaa mzima mpaka inakuwa laini kama kitambaa.

Kaka yangu alikuwa akisubiri ifike hatua hiyo ya kuwa kitambaa, halafu anakata. Alikuwa na daftari la kaunta, lile gumu la kwaya mbili, ambalo alibandika wahusika kwa gundi ya unga wa ugali. Akibandika mmoja, ukurasa wa pili anachora wa kwake mwenyewe, wa kumjibu. Nakumbuka alimchora mtu mwenye kichwa cha kiboko, kwa sababu ya viboko wa Ziwa Babati, amevaa koti la karani wa mahakama. Nakumbuka mwanamke mwenye mikono minne anayekamua ng'ombe wawili kwa mpigo. Alikuwa na miaka kumi na mbili, kumi na tatu. Baadaye alikuja kuwa mchora vibao: saluni, bucha, gereji. Kisha akaenda Mirerani kutafuta tanzanite kama vijana wengine wa mkoa huu. Aliondoka anatembea, wakamrudisha kwenye gari wamemfunika. Mtoto wake alikuwa hajaanza kuongea.

Baada ya matanga, mama alilichukua lile daftari akalichoma nyuma ya jiko. Sikumuuliza sababu kwa miaka mingi. Watu walikuwa wamemwambia mengi: kwamba mtu hachori viumbe vya namna ile bila kuviita, kwamba vilimfuata shimoni. Mama si mjinga. Alikuwa amefiwa, na daftari ndilo kitu pekee aliloweza kulifanya lolote.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini alipoona zile picha sita, zikiwa na wino mpya, aliuliza alivyouliza. Usiku ule nilimwambia polepole kwamba hizi zimechorwa na watu wa mbali, kwa kompyuta, wala mjukuu wake hamwiti mtu. Akanijibu kitu ambacho sikukitegemea. "Najua," akasema. "Mimi nauliza kwa nini hakuna hata mmoja wa hapa."

Nikamwambia wa hapa ni nani. Kwetu Wagorowa, na kwa ndugu zetu Wairaqw, kuna netlangw, wale wanaokaa kwenye chemchemi na mito. Utotoni tulikatazwa kuchezea chemchemi kwa ajili yao. Nikamuuliza mama netlangw yukoje, tumwambie kijana amchore. Akakataa kabisa. "Netlangw hachorwi. Anaogopwa." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Yule wa kaka yako mwenye kichwa cha kiboko alikuwa wa kuchekwa. Wa kuchekwa anachorwa."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Huenda ndilo linaloeleza kwa nini watoto wetu wanapenda majoka ya watu wengine. Joka la Ulaya halimdai kitu mtoto wa Babati. Halina mwiko, halina mzee wa kulisemea, hakuna shangazi atakayelia ukilichora vibaya. Lilanga naye aliwafanya mashetani wake wacheke na kubeba mikoba kwanza. Anayeogopwa kwa kweli huwa hana picha, na kama anayo, iko kwenye mwamba juu ya kilima, na watu wanaipandia kwa adabu.

Lakini wepesi huo una bei yake, na hapa lazima nijitaje mwenyewe. Picha nyingi zinazokuja kwangu zina sahihi ndogo pembeni. Mwanzoni nilikuwa nazikata. Mteja anasema, "Bro, hiyo maandishi inaharibu, itoe," nami naitoa, sekunde mbili tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, na mimi ndiye mwenye steshenari, sikuwa na kisingizio. Niliona ni vijana tu na ukuta wa geto.

Kisha ikaja akili mnemba. Agosti 2022 ilitolewa programu iitwayo Stable Diffusion. Unaandika maneno, inakutolea picha. Ilifundishwa kwa mabilioni ya picha zilizozolewa kwenye intaneti. Watu wakagundua kwamba ukiongeza jina la Greg Rutkowski, Mpolandi anayechora majoka na vita, picha inapendeza zaidi, basi jina lake likaandikwa maelfu kwa maelfu ya mara na watu ambao hawajawahi kumlipa wala kutazama kazi yake halisi. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walizishtaki kampuni zinazotengeneza picha kwa njia hiyo. Siku hizi kwenye flashi za wateja wangu naona picha ambazo pembeni zina kitu kama sahihi, lakini ukiikuza si maandishi. Mashine imejifunza kwamba pembeni ya picha hukaa kitu fulani, bila kujua ni jina la mtu.

Nilipoiona ya kwanza niliona aibu. Wa Kolo hawakuandika majina, na hilo hatuwezi kulirekebisha. Samaki Likankoa anakumbukwa na wachache. Daftari la kaka lilikuwa na jina lake kwenye kava, na kava lilikuwa la kwanza kushika moto. Na mimi nimekaa karibu na stendi nakata majina kwa mkasi wa kompyuta.

Sikati tena. Mteja akikataa, nampa chaguo la kwenda duka la jirani.

Wiki mbili baada ya safari ya Kolo nilimkuta mama amekaa uani na mjukuu wake. Kijana ana penseli. Mama anasimulia, mikono ikichora hewani: koti lilikuwa na vifungo vitatu, si viwili, kalamu iko sikioni, ndiyo, sikio la kiboko ni dogo, lakini kalamu ilikaa, uso wake kama mtu aliyenyimwa rushwa. Alikuwa anaukumbuka ukurasa mzima. Miaka yote hii nilidhani aliuchoma bila kuutazama.

Wamefika ukurasa wa tatu sasa. Si michoro ya kaka. Kijana ana mkono wake, na yule karani kiboko amepewa mabega mapana na mwanga wa buluu nyuma yake, kama watu wa kwenye simu. Bibi analalamika kwamba amezidi kuwa mzuri. Aliponiletea nimchapie, chini pembeni alikuwa ameandika jina lake, na baada ya jina lake, jina la baba yake. Nikaongeza ukingo wa karatasi kidogo ili yote mawili yaingie.